Picha Alizopeleka Mama

Msusi alikwenda hospitali siku ile akiwa na furaha, na ndiyo maana yaliyomkuta yalimvunja vibaya. Miezi kadhaa ilikuwa imepita tangu ajali. Uvimbe wa uso ulikuwa umenywea, nyuzi zilikwisha kutolewa, taya lilifunguka kiasi cha kutafuna, na daktari alikuwa amemwahidi kwamba safari hii watakaa pamoja mbele ya kompyuta amwonyeshe kazi yote ilivyofanyika. Alivaa gauni lake zuri. Alijifunga kitambaa kichwani kuficha kovu lililopita juu ya utosi kutoka sikio hadi sikio, akapaka wanja kwa mara ya kwanza tangu aumie, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuonana na sura yake.

Mama hakujibu. Msusi alidhani hakumsikia.

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, chenye pazia zito na ubaridi wa kiyoyozi. Juu ya rafu yalipangwa mafuvu meupe ya plastiki, kila moja na namba yake. Aliyeyatengeneza ni mwanamume mfupi mwenye kipara ambaye wauguzi walimwita Fundi Sura. Kazi yake ilikuwa kuchukua picha za mionzi za mgonjwa, kuzipitisha kwenye programu ya akili mnemba, na kuunda uso mzima wa pande tatu ambao daktari angeuzungusha na kuupima kabla hajashika kisu.

Daktari, mwanamke mrefu wa makamo mwenye sauti ya chini, alimvutia kiti akamweleza taratibu. Ajali ilikuwa imemponda uso pande zote mbili. Laiti upande mmoja ungesalimika, programu ingeuiga na kuugeuza kama kwenye kioo. Kwake hapakuwa na upande wa kuiga. Kwa hiyo programu, iliyofundishwa kwa nyuso maelfu kwa maelfu, ilipewa vitu viwili: vipande vya mifupa vilivyobaki, na picha za mgonjwa za zamani. Ndipo ikakisia mifupa ilivyokuwa kabla ya kuvunjika, na vibao vya chuma vya kuishikilia vikachongwa kwa vipimo hivyo hivyo.

"Nitakuonyesha tulikokuwa tunakwenda," daktari alisema, "halafu tutaona tumefika wapi."

Fundi Sura akabonyeza. Kwenye skrini likatokea fuvu, likavaa misuli, likavaa ngozi, likaota nyusi na midomo. Uso ukaanza kuzunguka polepole, kwanza ubavu, kisha ukamgeukia msusi ukamtazama.

Msusi aliukodolea macho ule uso hadi ukazunguka mara ya pili. Kidevu kilichochongoka. Mashavu yaliyokaa juu. Pua nyembamba iliyonyooka, ile ambayo yeye utotoni mwake wote aliionea wivu, akaambulia pua ya baba.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Daktari alitabasamu kwa upole, kama mtu aliyezoea swali hilo. "Ni wewe, dada. Wewe wa kabla ya ajali."

"Siyo mimi. Huyu ni dada yangu." Sauti ilimtoka kavu, utadhani anasema mtu mwingine. "Tulimzika."

Mkono wa Fundi Sura uliganda juu ya meza, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuisimamisha ile picha, marehemu aliendelea kuzunguka mbele yao, ubavu, kisogo, ubavu, uso.

Kwao walizaliwa wasichana wawili tu, wakipishana mwaka na kitu. Majina yao ya cheti yaliishia shuleni. Nyumbani mmoja aliitwa Mkubwa na mwingine Mdogo. Watu waliwachanganya kwa sauti na kwa mwendo, na kwa nguo ndiyo kabisa, maana walivaliana kila kitu. Lakini ukiwasimamisha pamoja usingekosea. Mkubwa alikuwa mama yake mtupu. Mdogo, walivyozoea kumtania, alikuwa baba yao aliyevishwa hereni. Mkubwa aliugua figo akafariki akiwa bado kijana, akaacha binti wa miaka mitatu. Mdogo, ambaye ndiye huyu msusi, alimbeba yule mtoto akamlea na mama yake, na alipoolewa akahamia kwa mumewe nao wote wawili, bibi na mjukuu. Mumewe hakuwahi kumwona Mkubwa isipokuwa kwenye picha ya sebuleni.

Mume huyo alikuwa fundi wa minara ya simu, na siku ya ajali, kwa kichekesho kibaya cha dunia, alikuwa mlimani mahali pasipo na simu. Gari alilopanda msusi lilivaa tela la lori lililoegeshwa bila taa. Simu yake ilisagika. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui, akalazwa usingizi wa dawa, na madaktari wakahitaji haraka picha zake za kabla: mbele na ubavuni, bila vipodozi, bila tabasamu. Ndugu wa karibu aliyekuwepo ni mama.

Sasa daktari alifungua jalada, akatazama, akalifunga tena. Picha zililetwa na mama, alisema, na zilikuwa nzuri mno, kama vile zimepigwa kwa kazi hiyo hasa. Msusi alizijua. Mkubwa alizipiga studio alipoomba kazi ya uhudumu wa ndege, shirika likataka picha za mbele na za ubavu, na uso usiwe na hata poda. Siku ile alivaa blauzi ya Mdogo.

Halafu daktari akasema jambo ambalo wengine wangelimeza. Programu ilikuwa imewatahadharisha. Ilisema picha na mifupa havikubaliani kama inavyotarajiwa. Yeye na Fundi Sura walijadiliana, wakaamua kwamba ni kwa sababu mifupa imepondeka mno. "Programu ilituuliza," alisema, "tukajijibu wenyewe. Kosa hilo ni letu, na sitalipaka rangi."

Msusi alitaka kioo. Fundi Sura alimletea kidogo cha mkononi. Si kwamba hakuwa amejiona. Alijiona mara nyingi, ila kwa muda mrefu kilichokuwa kiooni ni mtu aliyeshambuliwa na nyuki. Uvimbe ulipoanza kushuka, aliona kitu anachokifahamu kikijitokeza kidogo kidogo, akadhani ni yeye mwenyewe anarudi. Alikuwa akifurahia. Alikuwa akijipapasa kidevu usiku na kumshukuru Mungu. Sasa alikishika kile kioo, na Mkubwa akamtazama kwa macho ya Mdogo, amepaka wanja.

Alikiweka chini, akachukua mkoba, akaondoka huku daktari bado anasema.

Njia nzima alimtetea mama. Mwanamke mzima anaamshwa kuambiwa kwamba mwanawe wa pekee aliyebaki anapigania roho, anakimbilia kabatini, macho yamejaa machozi, anachukua bahasha ya kwanza inayomjia mkononi. Blauzi anaifahamu ni ya Mdogo. Nani asingekosea? Alijipanga atakavyomwambia kwa upole ili mama asije akaanguka kwa presha. Kufika mlangoni alikuwa amekwisha kumsamehe.

Mama alikuwa kwenye ua wa nyuma anaanua nguo. Alimwona bintiye anavyoingia, akaacha shuka lining'inie nusu.

"Wamekuonyesha," mama alisema.

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimruka msusi. Halikuwa swali lile. Alisimama palepale kwenye kizingiti.

Mama alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kulikunja shuka mapajani, akalikunjua, akalikunja tena. Alisema alikosea kweli, mwanzo. Alichukua bahasha bila kutazama. Alipotulia kesho yake alikumbuka ile blauzi na ile siku, akajua amepeleka picha za nani, akaondoka nyumbani kwenda kuwaambia. Alipofika, daktari alikuwa akimtafuta. Alitaka mtu wa familia autazame uso waliouunda kabla hawajachonga vyuma. Wakamkalisha mbele ya kompyuta.

"Alikuwa mzima, mwanangu," mama alisema. "Siyo kama alivyokuwa kitandani, amevimba, amebadilika rangi. Aligeuka akanitazama. Daktari akaniuliza, mama, ndiye? Nikasema ndiye."

"Ulijua."

"Nilijua."

Msusi alishika fremu ya mlango. Alikuwa amepitia ajali, upasuaji, kulishwa kwa mrija, kujifunza upya kutamka herufi. Lakini hapakuwa na siku ambayo mwili wake ulikataa kumsikiliza kama siku hiyo. Alichoweza ni kuuliza kitu kimoja, na alikiuliza kwa sauti ndogo kabisa.

"Na mimi, mama? Mimi ulitaka niende wapi?"

Mikono ya mama iliendelea kulikunja lile shuka.

Tangu siku hiyo mambo ambayo msusi hakuyatilia maanani yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake. Jirani wa mbele, aliyetoka mtaa wao wa zamani na aliyeosha vyombo siku ya msiba wa Mkubwa, juzi alimwona anafungua geti akarudi ndani na kufunga mlango bila salamu. Kioo kikubwa cha sebuleni kilikuwa kimeondolewa alipokuwa hospitali, mama akasema kimepata ufa. Na Kasuku.

Kasuku ndiye binti wa Mkubwa, na hilo jina la utani alilifanyia kazi: tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza ila amelala. Alimwita msusi "mama mdogo", kama ilivyo haki, na hakuna aliyewahi kumficha kwamba mama yake mzazi ni yule wa kwenye picha ya ukutani. Sasa alikuwa na miaka tisa. Wiki hizo ambazo uvimbe ulikuwa ukishuka, yule mtoto alipungua maneno. Angekaa pembeni ya kochi akimtazama msusi, halafu anatazama ukutani, halafu msusi tena. Akiulizwa ana nini, anasema hana kitu. Kisha alianza kuomba alale chumbani kwao. Kisha, asubuhi moja akiwa anafungiwa kamba za viatu, alisema asante mama. Neno "mdogo" lilikuwa limedondoka njiani, na msusi, mikono yake kwenye viatu vya mtoto, hakuweza kuinua kichwa.

Aliona heri arudi saluni, angalau huko ana kazi. Mshirika wake, mama mmoja mnene wa maneno mengi, alimpokea kwa machozi na kelele, akamkalisha, kisha akamtazama vizuri. Alikuwa mtu wa kusema lolote kwa yeyote, lakini hapo alikohoa tu na kwenda kuchemsha maji. Mteja wa kwanza aliyepewa msusi alikuwa amejiinamia kwenye simu. Kazi ilikwenda vizuri, vidole havikusahau. Walipofika nusu ya kichwa mteja aliinua macho kwenye kioo kilichokuwa mbele yao, akaona anayemsuka ni nani. Huyo alikuwa amesoma na Mkubwa. Siku ya mazishi alikuwa makaburini. Hakupiga kelele wala nini. Aliinuka na taulo lake mabegani, akatoka nje, akavuka barabara na upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama mgomba uliopigwa na upepo, na hakurudi hata kufuata viatu vyake.

Mshirika alicheka, akajaribu kuacha, akashindwa. Msusi naye akacheka, kisha kicheko kikageuka, akalia mpaka wateja waliokuwa kwenye benchi wakaanza kulia bila kujua wanalilia nini. Saluni ile ilikuwa na vioo kila ukuta. Kokote alikogeuka, dada yake alikuwa analia.

Mumewe alirudi kutoka minarani mwisho wa mwezi. Msusi alimsimulia yote mara moja, wamekaa kitandani, mlango umefungwa. Yeye alikuwa mtu wa vitu vinavyoshikika, nyaya na nati, na alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Msusi alipomaliza, mume alikiri kwamba tangu mkewe atoke hospitali alikuwa akijisikia kama amelala na mgeni, akajiona mtu mbaya, mke amerudi kutoka kaburini naye anachagua sura. Kwa hiyo alinyamaza. Alipomwona msusi anainamisha kichwa, akaongeza kwamba hata hivyo mgeni ana mkoromo ule ule. Msusi alimpiga na mto. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kuhisi yumo ndani ya mwili wake.

Ni yeye aliyemrudisha kwa daktari. Daktari aliwapokea kwa heshima ya mtu anayejua anachodaiwa. Alisema inawezekana kurekebisha: kidevu, mashavu na sehemu ya pua; taya litakaa karibu na lilivyokuwa; mengine hayataguswa kwa usalama wa macho. Alisema pia kwamba si lazima, uso huu umepona vizuri na wapo ambao wangeuacha, na kwamba hospitali ndiyo itakayobeba gharama zote akiamua. Hakumsukuma upande wowote. Msusi aliuliza swali moja tu, kama ni kweli mama alikalishwa kwenye kile kiti. Daktari alisema ni kweli, na kwamba siku hizi hawaridhiki na jicho la mtu mmoja.

Aliamua siku ambayo mama, akiwa jikoni, alimwita aje aonje chumvi. "Mkubwa," mama aliita, "hebu njoo." Kasuku ndiye aliyeitika kwa kucheka, akidhani bibi anatania. Mama mwenyewe hakutambua alichokisema. Msusi alikwenda, akaonja, akasema imetosha, akatoka nje na kumpigia daktari.

Hapo ndipo likatokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Fundi Sura alihitaji picha zake, zake kweli, na msusi hakuwa nazo. Simu ya zamani ilikufa na kila kilichokuwemo. Mtandaoni alikuwa na picha nyingi mno, tangazo la saluni ni uso wake. Lakini kila moja alikuwa amepakwa, kope za kubandika, pua imepigwa kivuli ionekane nyembamba, na simu nayo imeongezea kulainisha ngozi na kupunguza shavu. Fundi Sura alizitazama moja baada ya nyingine akitikisa kipara. Alisema akiilisha programu hizi, itamtengenezea mwanasesere. Msusi aliona aibu ya ajabu: miaka yote hiyo alikuwa akijifuta mwenyewe, kidogo kidogo, hadi siku anajitafuta hajipati.

Mume, aliyekuwa amekaa nyuma, alitoa simu yake na kusema labda hizi zitafaa, ila asipigwe. Alikuwa nazo tele. Msusi amelala kwenye kochi mdomo wazi. Msusi anakula, shavu moja limejaa. Msusi amemkazia macho, kidole juu, katikati ya ugomvi. Msusi anatoka kuoga, anapiga chafya, anafunga mlango, ubavuni, kwa nyuma, kwa chini, kila upande, hana habari. Mume alisema alikuwa akizichukua kwa ajili ya kule mlimani. Fundi Sura alizipokea kama mtu aliyeokota lulu.

Safari hii walioitwa kuangalia walikuwa watatu: msusi, mumewe, na yule mshirika wa saluni. Uso ulipogeuka kwenye skrini ulikuwa mpana, mashavu ya mviringo, pua ya baba imekaa kwa raha zake. Mshirika akasema huyo ndiye aliyemwibia wateja miaka yote. Msusi alinyoosha mkono akagusa skrini, na Fundi Sura, aliyekuwa mkali kwa yeyote anayegusa vioo vyake, alitazama pembeni.

Siku ya kuamkia upasuaji, mchana, mama aligonga mlango wa chumba chake. Tangu siku ya lile shuka walikuwa wakisemeshana kwa mambo ya nyumba tu, mkate umekwisha, mtoto anatakiwa shuleni. Mama alibaki mlangoni. Alisema ana ombi, na msusi akitaka kukataa akatae. Mkubwa alipokata roho yeye alikuwa ametoka wodini kwenda kujaza chupa ya maji. Aliporudi walikuwa wamemfunika, na ndugu wakamzuia asimfunue. Hakumuaga. Angependa kukaa na ule uso kidogo kabla haujaondoka.

Msusi alitaka kumwambia hapana. Neno lilikuwa ulimini. Lakini alimwona mama yake amejishika kiwiko kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu, akasogea kitandani akampa nafasi. Alijiambia atakaa tu, hatajibu, hataigiza. Mtu anaaga, atamwacha aage.

Mama alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili. Alipitisha kidole gumba kwenye kidevu, kwenye pua. Alimtazama kwa muda mrefu, na msusi aliona macho ya mama yakimpita na kwenda mahali pengine kabisa.

"Mkubwa," mama alisema. "Mdogo wako amenichukia."

"Nilimkosea," mama aliendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya nyumbani kwa binti aliyekuwa safarini. "Nilikuona wewe nikamsahau yeye, naye yuko hai, yuko chumba cha pili, amefungwa mipira kila mahali. Ni yeye aliyekuogesha ulipozidiwa, unakumbuka? Ni yeye aliyemchukua mtoto wako. Nikamwacha atoke pale na uso usio wake. Sijui namwambiaje. Wewe alikuwa akikusikia. Mwambie."

Ajali yenyewe haikumtikisa msusi hivi. Muda wote huo aliamini mama anamtazama na kumwona Mkubwa. Kumbe hata akimwona Mkubwa, aliyekuwa akimlilia ni yeye, Mdogo. Aliapa hatajibu. Aliishika mikono ya mama, akaiteremsha kutoka usoni pake, akaiweka mapajani mwake.

"Mama, mimi ndiye Mdogo," alisema. "Niambie mwenyewe."

Mama alimtazama, safari hii yeye, na akalia kilio ambacho Kasuku alikisikia kutoka uani akaja mbio. Alichosema baada ya hapo kilikuwa kimevunjika vunjika, hakikuwa hotuba, na msusi hakumjibu kwamba yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Alimwambia tu kesho waondoke mapema, na kwamba anataka awepo.

Upasuaji ulikwenda salama. Ulikuja uvimbe tena, mrija tena, wiki za supu na kuongea kwa kuandika. Sura iliyotoka si ile ya kwenye simu ya mumewe sawasawa. Kidevu na mashavu ni yake. Pua imesimama katikati, haikufika kwa baba wala haikubaki kwa mama, na daktari alisema hapo ndipo mwisho wa usalama. Jirani wa mbele alirudisha salamu zake, na maelezo mengi yasiyoulizwa. Yule mteja alituma mtu afuate viatu.

Kwa Kasuku ilikuwa ngumu. Msusi alikuwa amemkalisha kabla na kumweleza yote kwa lugha ya mtoto, lakini kueleza ni jambo moja. Siku bandeji zilipotoka, binti alimtazama, akaingia chini ya meza ya kulia, akakataa kutoka mpaka jioni. Alikuwa na hasira kuliko huzuni. Alisema walimrudishia mama yake halafu wakamchukua tena, na hakuna aliyemuuliza. Msusi aliingia chini ya meza naye, nyuzi zinamvuta, maana mtoto alikuwa amesema kweli. Walikaa humo magoti kwa magoti. Baadaye sana Kasuku aliuliza kama mama yake alikuwa anaongea sana. Msusi alimwambia alikuwa hafungi mdomo, hata akipiga mswaki. Kasuku akataka kujua alikuwa anaongea nini, na msusi akaanza kumhadithia.

Mama bado anaishi nao. Hajarudia kumwita Mkubwa kimakosa, ila hutokea akaanza kuita, akasita, akalitafuta jina, ndipo akaita. Msusi humsikia kutoka chumba kingine, na husubiri. Siku nyingine humwitikia upesi. Siku nyingine hukaa kimya kwanza, akamwacha mama aite mara ya pili.